Shamba Lisiloendelezwa

Mwezi wa Oktoba 2019 Rais wa wakati ule, Hayati John Magufuli, alitoa amri kwamba halmashauri za wilaya zilizokuwa na ofisi zake ndani ya mipaka ya halmashauri nyingine ziondoke, ziende kukaa miongoni mwa watu zinaowahudumia. Amri hiyo ilikuwa na mantiki ambayo hata mpinzani asingeshindwa kuiona. Halmashauri ya Wilaya ya Iringa ilikuwa Iringa mjini, ikatakiwa kwenda Ihemi. Ya Morogoro ikatakiwa kwenda Mvuha. Ya Sumbawanga, Laela. Kwetu Singida, halmashauri ya wilaya, iliyokuwa kwa miaka mingi kama mpangaji katika mji usio wake, ilifungasha majalada yake ikaelekea Ilongero.

Wasomaji wengi wa jarida hili wanaishi mahali ambapo upepo unanuka chumvi na karafuu, na sidhani kama Ilongero imewahi kupita masikioni mwao. Iko kaskazini-mashariki ya mji wa Singida, safari isiyofika saa moja, kando ya barabara inayoendelea hadi Haydom. Ni nchi ya juu, kavu, yenye msimu mmoja wa mvua. Mawe makubwa ya matale yamerundikana vilimani kama mizigo iliyosahauliwa na wenyewe, na upepo wake ni wa vumbi. Hapa hulimwa mtama, uwele, mahindi, vitunguu, na zaidi ya yote alizeti. Wenyeji ni Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Arimi, jina ambalo sikio la Kiswahili hulisikia karibu sana na neno mkulima.

Nimeyasikiliza mabishano yaliyoifuata amri ile, sokoni, ndani ya mabasi madogo, na barazani kwa watu wanaoheshimika. Mjini Singida walilalamika wenye nyumba za kupanga na mama lishe waliokuwa wakiwauzia chakula watumishi. Watumishi nao walilalamika kwamba huko waendako hakuna nyumba za kutosha, na wengine wakawa wanakwenda asubuhi na kurudi jioni, wakiitumia barabara kama ukumbi wa ofisi. Upande wa Ilongero furaha ilikuwa kubwa. Yalihesabiwa maduka yatakayofunguliwa, na bei ya kipande cha ardhi kando ya barabara ikawa habari ya kusimuliwa kama matokeo ya mpira. Yote hayo ni mambo ya haki kujadiliwa. Lakini katika mabishano yote niliyoyasikia swali lilikuwa moja tu, nalo ni ofisi zikae wapi. Sikumsikia mtu akiuliza mji utakaoota kuzizunguka ofisi hizo utasimama juu ya nini, na ni nani atakayeulizwa.

Mimi kazi yangu ni maneno. Hunifika siku nikashinda kutwa nzima na neno moja, nikiligeuza kama mtu anayechagua kitunguu sokoni. Neno mji ni mojawapo ya yale yasiyokubali kutafsiriwa kirahisi. Wageni wanalo neno moja la jiji, jingine la mji, jingine la kijiji, na kila moja lina mipaka yake. Sisi tuna mji, ambao waweza kuwa Zanzibar yenye majumba ya mawe na waweza kuwa ua wa mzee mmoja na wakeze na ng'ombe wake. Tena kamusi zetu za zamani zinalipa maana nyingine, tumbo la uzazi, mahali mtoto anapokaa kabla ya kuja duniani. Mji katika maana hizo zote ni mahali penye watu wanaotokana na wanaotegemeana. Haukuwa kinyume cha shamba.

Neno lililouweka mji dhidi ya shamba, kwa upande wetu wa bara, ni boma. Lilikuwa uzio wa miti wa kuhifadhi mifugo na watu. Wajerumani walipojenga ngome zao, na Waingereza walipozirithi, boma likawa nyumba ya mkuu wa wilaya, mahali pa kodi, kesi na pingu. Mji wa Singida ulikua kuuzunguka uzio wa aina hiyo, kati ya maziwa mawili ya magadi, Singidani na Kindai, ambayo maji yake hayafai kwa kisima wala kwa bustani. Mtu akiambiwa wakati ule aende mjini, alijua anakwenda kuitwa. Ninyi wa visiwani mnayo hadithi yenu inayokaribiana na hii katika neno Ng'ambo, jina walilopewa watu wa upande wa pili wa mkono wa bahari, ingawa wao ndio waliokuwa wengi. Baada ya Mapinduzi majumba marefu ya Michenzani, yaliyochorwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, yakapita katikati ya Ng'ambo hiyo hiyo na nyumba za udongo zikavunjwa kuyapisha. Wako waliopata maji ya bomba na umeme kwa mara ya kwanza maishani mwao, na wako waliopoteza majirani. Sijapata kusikia hesabu inayoyaweka mambo hayo mawili katika mizani moja.

Nirudi kwenye shamba. Mgeni akipita Ilongero baada ya mavuno, mwezi wa Agosti au Septemba, ataona mabua yaliyokauka na ardhi tupu hadi upeo wa macho, na hapa na pale nyumba moja moja. Atadhani ameona nchi isiyo na mpango. Ukweli ni kwamba ardhi hii haina rutuba ya bure. Mnyaturu wa zamani alijenga nyumba yake ya tembe yenye paa bapa la udongo, akaweka zizi pembeni, na samadi ya zizi hilo akaitandaza katika shamba lililoizunguka nyumba, mwaka baada ya mwaka, hadi udongo ule ukawa wa kutengenezwa kwa mikono kama chungu. Ng'ombe walichungwa mbali, mabugani, wakarudi jioni wakileta nyumbani rutuba ya mabuga. Nyumba, zizi na shamba vilikuwa kitu kimoja, na ukikivunja vipande unabaki na nyumba isiyo na chakula na shamba lisilo na nguvu.

Kilivunjwa mara moja. Katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 watu wa mkoa huu, kama wenzao wa mikoa mingine, walihamishwa wakajenga kwa mistari kando ya barabara ili shule, zahanati na bomba viwafikie. Shule zilikuja, na mimi niliyesoma darasa chache tu nyingine nikajifundisha mwenyewe siwezi kuzibeza. Lakini samadi ilibaki upande mmoja na shamba upande mwingine, na mwanamke mwenye kikapu kichwani ndiye aliyeuziba mwanya huo kwa shingo yake. Polepole watu wakaanza kurudi kwenye mashamba yao ya zamani, bila amri na bila sherehe.

Shangazi yangu mmoja ni miongoni mwa waliorudi. Ni mjane, ana umri unaozidi miaka sabini, na analo shamba la ekari tatu hivi lisilo mbali na barabara. Miaka michache baada ya ofisi kuhamia, kijana mpimaji alifika kwake na karatasi. Utaratibu aliokuja nao unajulikana sasa nchi nzima: shamba lipimwe, likatwe viwanja, barabara za mtaa zitengwe, kisha mwenye shamba apate viwanja kadhaa vyenye hati na mpimaji achukue vingine kama malipo yake. Kijana alikuwa na adabu, wala sina la kumlaumu. Shangazi akaniita nimsomee.

Katika karatasi ile kulikuwa na safu iliyoulizia hali ya uendelezaji, na kwa mkono wa kijana, wino bado mbichi, ilikuwa imeandikwa: halijaendelezwa.

"Halijaendelezwa maana yake nini, baba?" aliniuliza. Yeye huniita baba, kwa kuwa nimerithi jina la babu.

Nikamweleza kwamba kwa lugha ya ardhi kuendeleza ni kujenga. Akanyamaza kidogo, akamgeukia kijana.

"Mjukuu wangu, hili shamba nimelitia samadi tangu mama yako hajazaliwa. Unasema halijaenda popote?"

"Bibi, siyo mimi," akajibu yule kijana kwa unyenyekevu. "Fomu ndivyo inavyouliza. Ama kuna nyumba, ama hakuna."

Nimelifikiri jibu hilo kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Kitenzi chenyewe hakina kosa. Kutoka kwenda tumepata kuendelea, na kutoka kuendelea tumepata kuendeleza, kukifanya kitu kisonge mbele, kisikatike. Mshairi huendeleza kisa, mwanafunzi huendeleza neno kwa kutaja herufi zake, mjane huendeleza shamba. Katika kupita kwake maofisini neno hili limepungua upana hadi likatosha ukuta na paa tu, na sasa shamba lililolishwa kwa nusu karne linaandikwa katika safu moja na kichaka. Tukikubali hivyo, hoja imekwisha kabla haijaanza, maana nani atatetea kisichoendelezwa?

Msomaji anaweza kuniona navutana na fomu. Basi naomba atazame upande wa kaskazini-mashariki kidogo, ng'ambo ya mpaka wa mkoa wetu, chini ya mlima Hanang. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 Tanzania na Kanada zilianzisha huko mradi wa ngano, kwa mfano wa kilimo cha nyanda kuu za magharibi mwa Kanada: mashamba makubwa, matrekta, mashine za kuvunia, wataalamu wachache. Yakawa mashamba saba chini ya shirika la NAFCO, na misaada ya Kanada iliendelea hadi miaka ya mwanzo ya 1990. Katika macho ya waliopanga, uwanda wa Basotu ulikuwa mtupu. Wabarabaig waliokuwa wakiuchunga kwa zamu, kwa kufuata mvua na chumvi, hawakuwa wameuendeleza. Malisho yao bora yakalimwa, njia zao zikafungwa, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na majembe. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani wakashinda katika Mahakama Kuu, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo. Ngano ilipatikana, sikatai. Mkate wake ulilika Dar es Salaam. Lakini kila nikisikia mtu akisema kuhusu Ilongero kwamba ardhi ipo tele, inakaa bure, nalikumbuka neno tupu lilivyofanya kazi Hanang.

Ni haki pia niseme kwamba Wakanada wengine walituletea wazo tofauti. Tulipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, mpango mkuu uliotoka mwaka 1976 uliandaliwa na kampuni ya Toronto iitwayo Project Planning Associates, ile ile iliyokuwa imeuchora mpango wa Dar es Salaam wa mwaka 1968. Mpango wa Dodoma, kwa kufuata fikra za Mwalimu Nyerere, ulikataa mji wa majumba ya kutisha. Ulitaka mji wa jumuiya ndogo ndogo, kila moja na shule yake, soko lake na bustani zake, mtu atembee kwa miguu au apande basi, na kilimo kisifukuzwe. Katika karatasi ni mojawapo ya maono mazuri yaliyowahi kuandikwa kuhusu mji wa Kiafrika. Utekelezaji uliwekwa mikononi mwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na kwa zaidi ya miaka arobaini mwananchi wa Dodoma aligombana na mamlaka hiyo juu ya viwanja, fidia na bomoabomoa, hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Mwaka uliofuata Dodoma ikatangazwa jiji. Maono yalikuwa ya jumuiya, lakini ardhi yote ilikuwa ya mamlaka moja, na jumuiya haikuwa na mahali pa kukaa na kusema hapana.

Hapo ndipo penye kiini cha ninalotaka kulisema. Kijiji cha Tanzania, pamoja na unyonge wake wote, kina kitu ambacho miji yetu haina. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na halmashauri hiyo haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote, mwenye suti na mwenye kanga. Serikali ikitaka kuitwaa ardhi ya kijiji kwa matumizi ya umma, na eneo lisizidi hekta 250, ni mkutano huo unaoridhia au kukataa. Najua jinsi mikutano hii inavyoendeshwa. Najua mihtasari huandikwa wakati mwingine kabla watu hawajakaa, na wanawake huachwa waseme mwisho jua likiwa limezama. Hata hivyo mlango upo, na nimewahi kuuona ukifunguliwa.

Kijiji kinapopandishwa hadhi kuwa mji mdogo, mlango huo hufungwa. Kijiji hufutika, vinabaki vitongoji, na wenyeviti wa vitongoji ndio wanaoingia katika baraza la mji mdogo. Mkutano mkuu wa kijiji hauna mrithi. Ardhi huingia katika fungu la ardhi ya jumla, linalosimamiwa kwa niaba ya Rais, na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 ndiyo inayoamua mchoro uweje. Sheria hiyo inataka wananchi washirikishwe, lakini aliyewahi kuhudhuria ushirikishwaji wa namna hiyo anajua tofauti kati ya kuonyeshwa ramani na kuulizwa. Sisi tunaita jambo hili kupandishwa hadhi. Ninapolifasiri kwa wazee kwa Kinyaturu nashikwa na kigugumizi, kwa sababu katika kupanda huko kuna kitu kinachoshuka.

Yuko mpwa wangu asiyependa maneno haya. Ana duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara, na aliponisikia nikizungumza akacheka. "Mjomba, ninyi wenye vitabu mnapenda shamba kwa sababu hamlimi." Nilikosa jibu la haraka. Ni kweli kwamba ekari tatu haziwezi kurithiwa na watoto saba, na wajukuu ishirini hawawezi kuishi kwa mabua. Mkoa wa Singida ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.3 katika sensa ya mwaka 2012. Sensa ya 2022 ikawakuta zaidi kidogo ya milioni 2. Watu hao watalala mahali, watazaa mahali, watatafuta kazi. Afadhali wapate mji karibu na kwao kuliko kwenda kurundikana Dar es Salaam. Mama mjamzito anayefikiwa na gari la wagonjwa kwa dakika kumi badala ya saa mbili hana sababu ya kuililia tembe. Mji nautaka. Ninachobishana nacho ni umbo lake na njia ya kuufikia.

Umbo linaloonekana sasa ni la kutambaa. Viwanja vinakatwa pale mwenye shamba alipokubali, kwa hiyo kuna kundi la bikoni hapa, kisha alizeti, kisha kundi jingine kule. Nguzo ya umeme na bomba la maji vitalazimika kupita katikati ya yote hayo ili kuifikia nyumba ya mwisho. Nchi tajiri zimelipa gharama ya namna hii na bado zinaijutia. Saskatoon, mji wa ukubwa wa kati katika nyanda hizo hizo za ngano huko Kanada, ulipitisha mwaka 2016 mpango wa kujiandaa kufikia watu nusu milioni, na sehemu kubwa ya mpango huo ni namna ya kujaza nafasi zilizo ndani na kuimarisha mabasi, kwa kuwa walikwisha kuona kila mtaa mpya wa pembezoni unavyodai barabara na mabomba yatakayotunzwa milele. Ikiwa wao wenye kodi nono wanahesabu hivyo, halmashauri inayosubiri ruzuku kutoka Hazina inategemea nini?

Na nchi hii ni kavu. Kila kiwanja kilichouzwa kwa ahadi ya maji ya bomba ni kisima kinachosubiri kuchimbwa, na kila shamba la samadi lililofunikwa kwa zege halitengenezwi upya upande wa pili wa kilima kwa mwaka mmoja wala kwa kumi. Ingewezekana kujenga kwa kukaribiana juu ya ardhi ya mawe na changarawe isiyolimika, ambayo tunayo ya kutosha, na kuyaacha mashamba ya samadi yawe ndani ya mji, yakiandikwa katika mchoro kwa jina lao. Ingewezekana kuzitenga njia za ng'ombe kuelekea mabugani kama zinavyotengwa barabara za magari. Lakini hayo mpimaji wa kiwanja kimoja kimoja hawezi kuyaona. Anayeyaona ni mkutano wa watu wote wanaoijua ardhi hiyo, ukikaa kabla ya kijiji hakijafutwa, huku bado una nguvu ya kukataa.

Shangazi hakukataa kupimiwa. Alichukua muda wa wiki mbili, akawaita wanawe, wakabishana hadi usiku. Mwishowe alitoa ekari moja iliyo upande wa barabara, ile yenye changarawe, ikatwe viwanja. Vijana wajenge au wauze, ni juu yao. Zile mbili zinazolizunguka zizi alisema zitasubiri kifo chake, na kama wana haraka wamwombee. Kijana mpimaji akachora upya. Ilipofika safu ile ya uendelezaji kwa ajili ya ekari mbili zilizobaki, alinipa kalamu, akasema mwalimu andika wewe utakavyo. Nikaandika: linalimwa. Aliitazama karatasi, akasema neno hilo halimo katika orodha ya kompyuta na huenda wakalirudisha. Nikamwambia walirudishe, tutaliandika tena.